Zamu Moja na Derrick

Kitale, 3 Machi 2025

Kwako Mama Phelista,

Natumai hujambo wewe na Baba Derrick, na kwamba yule ng'ombe aliyekuwa akichechemea amepona. Mimi niko salama. Msimu wa mbegu umeanza, na dukani kwa Bwana Sukhwinder foleni inafika barabarani. Mbegu zikichelewa, ni mimi karani wa kulaumiwa.

Nakuandikia kando, si kwenye kundi letu la simu. Tangu Mama afariki mwaka jana, nyinyi wanawake mmeniachia nafasi yake pale, mkaniita Mama Kizito, mimi msichana. Sijakushukuru ipasavyo kwa siku ya mazishi kule Endebess. Mlikuja watu ambao hamjawahi kuonana, mnajuana kwa sauti za simu tu kwa sababu wana wenu wako meli moja ya jeshi na kaka yangu Kizito. Ulipofungua kinywa kuomba, nilikutambua kabla sijauona uso wako.

Nina jambo kuhusu Kizito. Halifai kundini. Naomba ruhusa nikueleze, na kama hutaki kulibeba niambie tu, sitakasirika.

Mwanao,
Edinah

*

Kamukuywa, 4 Machi

Edinah mwanangu,

Sisi wazima. Ng'ombe anatembea vizuri kuliko Baba Derrick. Lakini wewe na hofu yako, bana! Ati ruhusa? Mtoto anaomba ruhusa kuongea na mamake? Hata huko kundini unaandika kama mtu anaandikia mkuu wa wilaya. Ona Mama Mukhisa, anatutumia maombi marefu ya sauti na jogoo anawika ndani. Juzi mzee wake alishika simu akaona jina la kundi, "Mama wa Majini", akamuuliza hayo majini mnayafuga wapi. Ilibidi nimpigie nimwambie, baba, ni wanamaji, hakuna mapepo hapa.

Sikiza. Kizito na Derrick ni bakoki, wa rika moja la jando. Walitahiriwa Agosti moja, mmoja hapa, mmoja huko kwenu, wakapakwa matope asubuhi moja. Unajua kwetu mtu hamuuzi bakoki wake. Sasa sisi mama zao tutafichana nini? Mwaga yote hapa.

Mama yako,
Phelista

*

Kitale, 5 Machi

Mama,

Natumai mmeamka salama. Barua hii nimeiandika na kuifuta, nimeiandika na kuifuta.

Kizito ana kifafa. Alikuwa nacho utotoni, na Mama alitufundisha kusema ni malaria. Kilimwacha akiwa darasa la sita. Siku ya kuandikishwa jeshini aliulizwa, akajibu hajawahi kuugua. Mama alikuwa kando yangu uwanjani, akanibana mkono nisifungue kinywa. Sasa kimerudi. Alianguka bafuni mwezi wa Januari, na wiki iliyopita alianguka tena, akawaambia wenzake ameteleza. Ameniambia mimi peke yangu.

Namsihi aende kwa daktari. Anasema akijulikana atashushwa melini, na hajawahi kutaka kazi nyingine maishani mwake. Anasema nikimtajia mtu yeyote, yeye si kaka yangu tena. Wanatoka baada ya Pasaka. Akianguka huko baharini je?

Ninachotaka kwako ni maneno. Mama angejua amwambieje ili aende kwa daktari mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi sijui. Nifundishe. Na tafadhali lisitoke hapo.

Mwanao,
Edinah

*

Kamukuywa, 5 Machi

Mwanangu,

Nimesoma nikiwa jikoni, maziwa yakafurika yakazima moto. Pole sana. Huu ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa umri wako.

Halitoki hapa. Nakuapia kwa huyo mama yako aliyelala Endebess. Nipe muda niyatafute hayo maneno. Lakini niambie kitu kimoja. Huko kazini, Kizito anashika zamu na nani?

Mama yako,
Phelista

*

Kitale, 6 Machi

Mama,

Habari za asubuhi. Jana nililala usingizi ambao sijaulala tangu Januari.

Anashika zamu na Derrick. Wanashughulikia kamba nene za kufungia meli, wao wawili, pale ukingoni. Si Mungu mwenyewe amewaweka pamoja?

Nangoja maneno yako.

Mwanao,
Edinah

*

Kitale, 11 Aprili

Mama Phelista,

Natumai u mzima, maana simu yako haipokelewi.

Kizito ameshushwa melini. Mkubwa wake alimwita akamuuliza waziwazi kuhusu kifafa, na hata ile ya bafuni akaitaja. Amepelekwa kwa madaktari, kisha atapewa likizo ya ugonjwa hadi waamue. Alinipigia mara moja tu. Alisema, "Edinah, tulikuwa watu wawili tunaojua. Mimi sijasema."

 Nilitaka kulitaja jina lako, ulimi ukakataa, kwa sababu kulitaja ni kukiri kwamba nilikuambia. Akakata. Sasa nikimpigia haiiti hata kidogo.

Mama, niambie si wewe. Niambie hata kwamba mtu aliokota simu yako sokoni akasoma. Nitaamini.

Mwanao,
Edinah

*

Kitale, 2 Mei

Kwako Mama Phelista,

Salamu. Naona ulisoma barua yangu ya mwezi uliopita siku ileile, alama zilibadilika rangi. Naona pia umeweka picha ya Derrick akiwa na gwanda jeupe, kama tunavyofanya sote mwana akiwa baharini na simu yake imezimwa. Mimi ya Kizito nimeiondoa.

Leo Mama Mukhisa ameandika kundini: "Tumshukuru Mama Derrick kwa kumpokea Kizito wetu nyumbani kwake wakati huu wa ugonjwa. Huyu ndiye mama." Wote wakafuata na mikono ya maombi, mmoja baada ya mwingine, simu ikitetemeka juu ya kaunta mpaka Bwana Sukhwinder akaniuliza kama kuna msiba.

Kwa hiyo yuko kwako. Amesafiri kutoka Mombasa, akashuka Kamukuywa, akaona Kitale ni mbali. Anakula kwako, analala kwako.

Umemwambia ni nani aliyesema?

Edinah

*

Kamukuywa, 4 Mei

Edinah,

Hatujambo. Kizito anakula, amenenepa kidogo mashavu.

Nilimwambia Derrick. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza, kweli kabisa, mpaka uliponiandikia kwamba zamu ni moja. Derrick alishanieleza zile kamba. Mmoja akiiachilia, inamvuta mwenzake. Ningekaa na hilo tumboni, halafu siku moja gari la jeshi lisimame hapa kwangu? Derrick ndiye alikwenda kwa mkubwa. Alilia akinieleza. Wewe hujazaa, utakuja kuelewa. Hilo silijutii.

Lakini Kizito hajui ni Derrick. Anadhani wewe ndiye uliandikia jeshi, kwa sababu wewe ni karani, kazi yako kuandika. Alifika hapa na begi lake akasema, "Mama, dadangu ameniuza."  Nikamwekea ugali.

Nikimwambia ukweli, hao bakoki wamekwisha. Na mtu aliyekosana na bakoki wake, siku ya kuzikwa nani atasimama pale kwa ajili yake? Wewe ni damu yake, iko siku atakurudia tu. Nibebee hili, mwanangu. Nakuomba kama mama.

Mama yako,
Phelista

*

Kitale, 12 Mei

Kwa Mama Derrick,

Natumai mmeamka wazima hapo nyumbani.

Jana nilikuja kwako bila taarifa. Sikuja kugombana, mimi naogopa hata kumpandishia mteja sauti. Nilikuja kukupa nafasi. Kizito alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Aliponiona aliliweka panga chini, akanipita, akaingia ndani. Wewe ukaita kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Karibu mwanangu!" Ukanimiminia chai. Kisha ukamwambia mbele yangu, "Kizito, dadako naye ni binadamu. Msamehe."

Msamehe. Nilikutazama nikingoja sentensi inayofuata. Ukaniuliza kama sukari inatosha.

Kizito akasema, "Mama, kama huyu anakaa, mimi natoka." Nawe ukamjibu, "Kaa, baba. Yeye ndiye mgeni."

Kwamba ulimhofia Derrick, hilo naweza kulielewa. Huenda hata Kizito umemwokoa. Ungeniambia, "Edinah, siwezi kunyamaza, twende kwake pamoja," ningetetemeka, lakini ningekwenda. Hukutaka. Ulichukua nilichokupa, ukakitumia, kisha ukamwachia ndugu yangu aamini ni mkono wangu. Na ulikuwa umeapa kwa Mama.

Ningeweza kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa akikutazama unapomwongezea chai, vile alivyokuwa akimtazama Mama. Nikaogopa. Nikimvunjia na wewe, atakwenda wapi? Kwangu haji.

Kwa hiyo sikiza, maana hapo kwako hakuna mwingine anayejua kumtunza. Dawa asiruke hata siku moja, hata akikuambia amepona, na atakuambia. Usimwache peke yake na panga, wala usimtume mtoni. Akianguka, usimshike kwa nguvu, na majirani wakileta kijiko cha kumtia mdomoni uwakatalie. Ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze kwa ubavu, kaa naye. Kifafa kisipokoma upesi, mkimbize hospitali.

Akizinduka atakuwa na aibu, na swali lake la kwanza, tangu utotoni, huwa ni nani ameona. Hata kama boma limejaa watu, Mama alikuwa akimjibu, "Hakuna aliyeona." Mwambie hivyo. Mtazame machoni, umwambie hakuna aliyeona, hakuna anayejua, hakuna aliyesema. Hilo unaliweza.

Dada yake Kizito,
Edinah