Ulivyonirudisha na Ndama Wangu Wagonjwa

Baba Tereza,

Shikamoo. Ni mimi Kabula, mke wa Lukas, wa hapa Usagara. Siku tuliyokuzika nilisimama niseme neno, nikaketi kabla sijalimaliza. Nimeona niandike.

Unaukumbuka mwaka ule kiwanda cha Nyakato kilipofungwa, Lukas akarudi nyumbani? Tulinunua ndama dume mnadani ili tuwanenepeshe, tuwauzie wachinjaji wa Mwanza. Walifika hoi, wametoka sehemu mbalimbali, wamesongamana kwenye lori juani kutwa nzima. Niliwafungia wote boma moja, nikazungushia mabati wasipigwe na baridi. Mimi nilidhani nimewatunza! Wiki haikuisha wakaanza kukohoa, pua zinatiririka, majani hawagusi.

Wewe, bwana mifugo wetu, ulikuwa umeshapunguzwa kazi. Ofisi ya mifugo ilibaki na kufuli, na maduka ya dawa yalikuwa yanafunguliwa kila kona. Muuzaji alinipa chupa bila kuuliza ndama wana nini. Nilimchoma yule mwekundu sindano siku mbili, akasimama, akala. Nikaacha, dawa nikaiweka akiba. Baada ya siku chache akalala tena, na asubuhi ya siku ya mnada tukamkuta amekufa.

Lukas alipokwenda shambani, niliwafuta pua waliobaki, nikawaswaga kwenda mnadani. Nilijisemea, bora wafie kwa mwingine. Ukanikuta njia panda, uko juu ya baiskeli yako.

"Kabula, hawa wanakohoa."

"Ni vumbi tu, Baba Tereza."

Ulishuka, ukaweka sikio kwenye mbavu za mmoja wao, malori yanapita. Ukakaa hivyo muda mrefu.

"Vumbi halileti homa," ulisema. "Leo jioni hawa watalala kwenye maboma ya watu. Hao watu utawasalimiaje?"

Hukupaza sauti. Uligeuza baiskeli, tukarudi wote.

Nyumbani ulimpasua yule aliyekufa, ukanishikisha pafu lake. Lilikuwa gumu, zito kama ini. "Alisimama, lakini hakuwa amepona," ulisema. Ukapeleka taarifa wilayani, isije ikawa ile homa ya mapafu ya kuambukiza inayofunga minada. Ikaonekana siyo. Tukawatenga wagonjwa, tukang'oa mabati ya juu upepo upite. Kila asubuhi ulikuja kuwapima homa, na sindano hukuzikatisha hata kwa wale walioanza kurukaruka. Wawili wengine walikufa. Saba walipona, Baba Tereza. Saba!

Nami nilikuwa nangoja unichongee kwa Lukas. Kila ukikaa naye kwenye chai nilijitafutia kazi ya karibu nisikilize. Hukusema. Mpaka unaingia kaburini hukusema. Sijui kama niliwahi kukushukuru kwa hilo. Ahsante. Ahsante sana.

Siku hizi ndama wanaotoka mnadani nawaweka peke yao kwanza, wiki tatu, wapumzike, niwasikilize. Boma halijapata msiba kama ule tena. Majirani wananiita Bwana Mifugo, wanacheka, lakini wakisikia kikohozi wanakuja.

Juzi alikuja Mama Ng'walu, jirani yetu mpya. Ndama wake wanne wanahema kwa tumbo. Tukawatenga, tukamwita daktari wa mifugo kutoka Misungwi, akaacha dawa. Jana mmoja akasimama. Mama Ng'walu akasema, "Huyu amepona, dawa yake tuitunze." Hapo nikamsimulia yote, mwekundu wangu, na ile safari ya kwenda mnadani. Jioni nikamsimulia Lukas pia. Akauliza, "Na mzee alikaa nalo miaka yote hii?"

Nikamwambia ndiyo, alikaa nalo.

Mama Tereza hajambo. Tunatoka naye kanisani kila Jumapili, na sitamwacha. Nakuahidi na hili: mnyama mgonjwa hatatoka bomani kwangu kwenda kwa mtu. Pumzika, baba yangu. Kesho ndama wa Mama Ng'walu wana sindano nyingine. Nitafika kwake kabla hajawafungulia.

Kabula