Ripoti ya Kadi Mbili

Kibiti, 9 Februari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mguu umepoa na usingizi unapatikana. Mimi mwili mzima, ila macho yamechoka. Haruna wa boti ameniambia hata simu sasa huisikii, basi nitakuwa naandika na kumpa yeye pale Nyamisati.

Umeuliza kazi yangu ni nini hasa, maana Biasha jirani yako anasema natazama sinema. Ofisi yetu ina picha za delta yote zilizopigwa kutoka angani. Kompyuta inazipitia na kuchora ramani: penye mikoko kijani, palipokatwa pekundu. Ndani yake mna kipande cha ukubwa wa kitabu kinaitwa kadi ya picha, ndicho kinachobeba mzigo wote huo. Tunayo moja ya bei rahisi. Sasa muuzaji wa Dar ametuazima ya bei mbaya, na mkuu wangu Michael amenipa mimi nizishindanishe, kisha niandike ripoti: tununue kubwa au tubaki na ndogo. Miaka minne nimekuwa wa kutumwa chai, baba. Hii ndiyo kazi ya kwanza yenye jina langu.

Mpaka leo, ndogo imetumia siku sita kuimaliza delta, kubwa saa tano. Ila kubwa inakula umeme vibaya, na feni yake inanguruma hadi wa chumba cha pili wanalalamika.

Niambie mpunga umefikia wapi.

Mwanao,
Nasra


Kisiwani, 23 Februari 2025

Mwanangu Nasra,

Marahaba. Mguu haujapoa, ila tumeshazoeana. Kaa wamekata miche yote ya upande wa mto, nimerudishia mara ya pili, na Biasha naye vilevile. Kiuno kinakataa lakini nani atanilimia. Yale mabati uliyoniletea ya dungu, kibanda changu cha kulindia mpunga, ni mazuri, mvua haipiti, ila mchana naokwa humo juu kama mkate.

Kuhusu kadi zako, mimi sijui kitu, lakini mapanga nayajua. La bei rahisi linapinda kwenye mti wa tatu, na siku nzima unashinda unalinyoosha. Kizuri chajiuza. Sema kweli, kubwa inunuliwe, nawe uonekane mtu.

Lakini hiyo habari ya siku sita na saa tano hainishtui. Mwenye haraka naye hurudi mikono mitupu. Je, kubwa inaona kitu gani ambacho ndogo haikioni? Ningekuwa mimi huyo Michael, ningeuliza hilo.

Baba yako,
Mshamu


Kibiti, 12 Machi 2025

Baba,

Shikamoo, na poleni na mfungo. Mimi nafunga vizuri, kinachonishinda ni usingizi.

Swali lako nililifanyia kazi. Ndogo haina nafasi ya kuipokea picha nzima, kwa hiyo inabidi kuifinya kwanza, na picha ikifinywa shamba dogo linachanganyika na miti. Kubwa inaipokea kama ilivyo. Tulichukua sehemu mia ambazo wenzetu walishafika kwa miguu, wanajua kilichopo. Ndogo ikapatia sitini na moja. Kubwa tisini na sita.

Kisha nikafungua kwetu. Baba, nimeliona dungu lako. Mabati yanang'aa katikati ya mikoko, na kulizunguka pekundu, na pembeni yake shamba la Biasha, nako pekundu. Uliniambia unalima shamba la babu. Hapo si kwa babu.

Kwenye ramani ya ndogo, mahali hapohapo ni kijani kitupu.

Ramani wanapewa watu wa misitu, na walio kwenye wekundu wataondolewa. Nikiandika kweli, ninakuondoa wewe. Nikiandika kwamba ndogo inatosha, nawadanganya walioniamini. Ripoti inatakiwa mwisho wa Aprili. Nimechoka, baba, sijui nifanye nini. Niambie wewe.

Mwanao,
Nasra


Kisiwani, 4 Aprili 2025

Nasra mwanangu,

Idi imepita salama, tumekula kidogo, tumeshukuru. Barua yako ilifika mapema. Nimekuweka ukingoja jibu kwa sababu sikutaka kukuomba uongo ndani ya mwezi mtukufu.

Ni kweli nimekata. Shamba la babu yako limeingiwa na maji ya chumvi, mwaka wa tatu huu halitoi hata pumba. Sikukwambia kwa kuwa niliona haya. Biasha nilimwonyesha mimi njia, naye ana mayatima wanne.

Andika ndogo inatosha. Wewe mwenyewe umesema inakosea, basi iachwe ikosee. Lisilobudi hutendwa. Najua ni mimi niliyekwambia useme kweli, na mkono unaniuma kuandika haya. Dhambi yake iwe juu yangu.

Baba yako,
Mshamu


Kibiti, 29 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeandika. Michael ameisoma mara mbili, akaniangalia, akasema alitegemea makubwa zaidi kutoka kwangu. Kadi kubwa imerudi Dar. Ramani ya ndogo imeshapelekwa. Sikuifungua tena, sikutaka kuiona.

Vuna salama.

Mwanao,
Nasra


Kisiwani, 20 Julai 2025

Nasra,

Mguu ni uleule, usiuhangaikie. Mpunga nimevuna magunia tisa.

Watu wa misitu wamekuja Jumatatu na ramani yenu. Walianza kupiga vigingi mdomoni mwa mto mpaka nyuma ya msikiti. Kote huko ramani inasema mikoko imekatwa. Ni nyumba thelathini na mbili, na minazi aliyopanda babu yako, mahali ambapo mkoko haujaota tangu dunia iumbwe. Nyumba ya Biasha imo, na yangu imo. Wote tumepewa miezi mitatu.

Kisha wakapita shambani kwangu. Ramani inasema pale pana miti, kijani kitupu kama ulivyosema. Walipita chini ya dungu, wakanipa shikamoo, wakaenda zao. Watu wote wameona.

Hapa kila mtu anajua mwanangu anafanya kazi ofisi gani. Wanasema Mshamu kalindiwa shamba lake, wengine wakauzwa. Ijumaa nilikaa msikitini, kulia kwangu na kushoto pakabaki wazi, mpaka imamu akawaambia wajaze safu.

Baada ya sala nilisimama nikawaeleza. Nikasema si mwanangu, ni mashine, zipo kadi mbili, ya bei rahisi haioni vizuri, hukosea huku na hukosea kule, na ofisi ilitumia hiyo. Walinisikiliza. Hata Sufiani, mwenyekiti wa kijiji, alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, wala hakuwa na nia mbaya, "Sasa Mzee Mshamu, nani aliyewaambia kwamba hiyo ya bei rahisi inatosha?"



Baba yako,
Mshamu