Korongo la Kwenye Kioo

Jumapili jioni, Kitengela. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na hayajaleta hata tone. Vumbi la machimbo ya mawe limetanda juu ya mapaa, nami sina utulivu.

Kesho Naserian anarudi kambini. Ni binti yangu, ni luteni, na baada ya likizo hii ataongoza askari wake kwenda mpakani, kwenye nchi kame kama hii yetu. Mimi nilistaafu jeshini nikiwa mkufunzi wa usomaji wa ramani. Ningependa kuandika kwamba nimezoea mambo haya.

Sijazoea.

Alikuja na kompyuta yenye mchezo wa vita, wa aina inayouzwa madukani kwa yeyote anayetaka kupitisha wakati. Akaniambia kwamba anautumia kuwafundisha makoplo wake. Nilimjibu kwa ukali kwamba vita si burudani, na kwamba askari hujifunza kwa miguu.

"Baba, cheza kwanza," akasema, "ndipo unigombeze."

Nikacheza Ijumaa. Nikashindwa vibaya. Nilituma wapelelezi, nikangoja habari, nikatuma wengine, nikangoja tena. Wakati huo yeye alikuwa amepitisha kikosi chake chote ndani ya korongo na kutokea nyuma yangu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Umekufa, Baba, na bado unafikiri."

Neno hilo liliniuma kwa sababu ni kweli. Darasani kwangu hapakuwa na njia ya kumwacha mwanafunzi aangamie kwa uamuzi wake mwenyewe, kisha nimrudishe mwanzo ajaribu upya. Mchezo ule unaweza. Hata hivyo, korongo lile lilinisumbua. Lilikuwa tupu mno.

Jana tukaenda Kajiado, kwa ndugu yangu, mbali na barabara ya lami. Nikamsimamisha Naserian juu ya kilima, nikamwonyesha boma kwa mbali, nikampa kazi: afike pale bila mtu yeyote kumwona. Aliitazama nchi kidogo tu, akaamua. Wepesi ule niliupenda. Kisha nikaona anakoelekea, moyo ukanishuka.

Alishuka kwenye korongo.

Hiki ni kiangazi. Mto umekauka, na kila mwenye mifugo amechimba kisima mchangani, humo humo korongoni. Naserian alikunywa maji hayo utotoni. Aliyajua mambo haya kabla ya kujua kusoma. Lakini korongo la kwenye kioo cha kompyuta halina msimu wala kiu, na hilo ndilo alilolizoea siku hizi.

Nilimfuata kwa juu. Nilimkuta amelala kifudifudi nyuma ya kichaka, mbuzi wamemzunguka, mbwa wanabweka, na wanawake wameacha kuchota maji ili wamtazame. Mke wa ndugu yangu, Mama Lemayan, alikuwa amesimama ndani ya kisima, anaonekana kuanzia kiunoni.

"Naserian, hapo umelalia ni mavi ya mbuzi," akamwambia. "Kama umemaliza kujificha, kuja unishikie huu mtungi."

"Na serikali inakulipa kwa hiyo kazi?" mwingine akauliza, na wote wakaangua kicheko.

Naserian naye akacheka, akajipangusa, akaupokea mtungi. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nikiwatazama watoto waliochuchumaa kando ya kisima. Akilini niliwaona askari wenye bunduki wakitokea ghafla kwenye kona ya korongo, wakiwa wamefunzwa kwamba chochote kinachosogea humo ni adui.

Tulirudi nyumbani kwa gari, tukafika Isinya. Hapo Naserian akasema, kwa sauti ya chini:

"Makoplo wangu wote hupitia korongoni. Mimi ndiye niliyewafundisha."

 

Leo, tulipotoka kanisani, aliufungua mchezo. Kumbe unamruhusu mchezaji kutengeneza uwanja wake mwenyewe. Akaniita niketi karibu. Nikamwonyesha mahali ambapo visima vingekuwa, njia za ng'ombe, na kivuli ambamo watoto hupumzika adhuhuri. Akaviweka vyote. Akaongeza sharti: anayempiga raia ameshindwa.

Tukacheza upya. Alifika korongoni, akasita, akazunguka, akapoteza nusu ya watu wake mahali pa wazi. Nami nilingoja habari kama kawaida yangu, nikazingirwa. Hakuna aliyefurahi.

Wiki iliyopita mtu angeniuliza kama michezo hii inafaa kuwafundisha askari, ningemfukuza mlangoni. Leo nasema inafaa. Inafundisha kuamua, na inafundisha haraka. Hapo ndipo penye hofu yangu, kwa kuwa inafundisha kosa kwa kasi ile ile, na anayefundishwa hushangilia kwamba ameshinda.

Naserian amesema makoplo wataucheza uwanja mpya kabla ya kuondoka kambini. Nikamwuliza watapewa muda gani.

"Sijui, Baba. Labda siku moja."

Begi lake liko mlangoni, kompyuta imo ndani. Makoplo wake wamelipita korongo tupu la kwenye kioo mara nyingi, na kila mara wameshinda. Je, siku moja itatosha kuwaonyesha ni nani yumo ndani ya korongo la kweli?