Unga wa Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Leo Redio amekuja na habari mpya. (Jina hilo tulimpa wenyewe darasani, maana akishawashwa hazimiki.) Anasema kile kitabu cha shajara ya msichana aliyeangamia kwa dawa ni cha kubuni. Msichana hakuwapo, shajara haikuwapo, wala dawa za kulevya hakuzitumia mtu. Kilitungwa na mama mtu mzima, mwenye miwani na wajukuu. Redio alicheka sana. Mimi sikucheka.

Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na miwili, nimekifunika kwa jalada la Jiografia. Nililia pale mdogo wake anapomsubiri mlangoni na yeye haji. Kisha kikaja kikao cha wazazi. Baba alisimama akasema kitabu hicho kinawafundisha watoto mambo wasiyoyajua. Mwalimu wa maktaba akajibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kitabu kikaondolewa rafuni. Bahati yangu, au balaa yangu, nilikuwa nimeshakimaliza.

Sasa kama ni uongo, ule woga wangu wote ulikuwa wa nini?

Jumatano, 6 Machi

Jana sikuandika kwa sababu sikutaka kuliandika hili.

Kaka amebadilika. Macho mekundu. Analala mchana kama paka. Anatoka alfajiri kwenda chuoni — chuo gani kinafunguliwa giza halijaondoka? Joto lote hili anavaa mikono mirefu. Amekonda. Mama anasema ni masomo ya umeme, yana hesabu nyingi.

Leo nilikuwa nafua uani. Kaka alikuwa nyuma ya tangi la maji, anaongea na simu kwa kunong'ona. Unga umefika? Ule mzuri? Basi ufiche chini, nakuja. Na nyumbani asijue mtu, mzee akijua nimekwisha.

Akageuka akaniona.

"Unafua au unasikiliza?"

"Nafua, Kaka."

"Basi fua, bibi mkubwa. Masikio hayahitaji sabuni."

Akacheka. Mimi nikasuuza shati lile lile mara nyingi sijui ngapi.

Unga. Jikoni kwetu upo debe zima na hakuna anayeunong'onea. Unga unaonong'onewa ni mwingine. Hata mtoto wa darasa la nne anajua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelipekua shati lake. Vumbi jeupe kwenye mshono wa mfuko. Nimelipuliza, nikajuta kulipuliza, nikanawa mikono.

Yule mdogo wa msichana wa kitabuni alijua, akanyamaza. Redio anasema hakuwapo. Sawa. Lakini mimi nipo.

Ijumaa, 8 Machi

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekwenda kwa Shangazi baada ya shule. Alikuwa anashona sare. Niliposema neno lenyewe, aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Umeona kwa macho, au umesikia?"

"Nimesikia. Na vumbi nimeliona."

"Vumbi limekuambia jina lake?"

Nikaanza kulia, akanifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. Akasema Mama asiambiwe, moyo wake ni wa karatasi. Nikamwomba na Baba asiambiwe. Akasema, "Mwanangu, mzigo wa nyumba haubebwi na kinda. Niachie kaka yangu."

Kwa hiyo Baba ataambiwa. Nimemsaidia Kaka au nimemuuza?

Jumamosi, 9 Machi

Baba ameambiwa. Najua kwa sababu ya pasi. Ameifungua yote, akaifunga, akaifungua tena. Baba ni fundi umeme, pasi kwake ni mchezo. Na pasi ile ilikuwa nzima.

Hakula. Mama kauliza kama chakula kina kasoro. Hakina, mama watoto, hakina.

Kaka alirudi mchana, akalala. Baba alisimama mlangoni pa chumba akimtazama. Hakumwamsha.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Shangazi alikuja mapema. Baba akamwita Kaka sebuleni. Mimi nilisimama nyuma ya pazia na sinia la vikombe, chai imenimwagikia kidoleni na sikuhisi kitu.

"Kaa. Nakuuliza mara moja. Unatumia unga?"

Kaka akamtazama Shangazi, akamtazama Baba. Akainamisha kichwa.

"Natumia, Baba. Nani kakwambia?"

Mama akashika kifua. Baba akavuta kiti karibu.

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Mwingi?"

"Kwa siku? Magunia mawili. Siku za sikukuu hata manne."

Baba akamtazama Shangazi.

"Magunia," Baba akasema.

"Ya ngano, Baba. Pale bekari nyuma ya stendi. Nakanda, nakata, natia tanurini. Juzi walinipa kusimamia zamu nzima; unga mzuri nauficha zamu nyingine isiuchukue."

Baba akamvuta mkono, akapandisha mkono wa shati juu ya makovu ya tanuri, akaunusa. Akaunusa tena. Kisha akakaa chini, mabega yakaanza kumcheza. Nilidhani analia. Shangazi naye akaangua kicheko, akasema, "Mtoto huyu angetuzika na magunia!" Mama peke yake hakuelewa, akawa anauliza, unga gani, jamani, unga gani? Mimi niliweka sinia sakafuni na kukaa karibu nalo. Asante Mungu. Asante Mungu.

Kisha Baba akajifuta macho. "Na chuo?"

Kaka akasema polepole. Ameacha. Novemba hiyo hiyo. Nyaya zinamtisha, tangu alipomwona mwenzake akirushwa. Alishindwa kumwambia fundi umeme kwamba mwanawe anaogopa umeme.

Siku nyingine nyumba ingewaka moto. Leo Baba alimkunjulia Kaka mkono wa shati. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Na wewe wa nyuma ya pazia. Macho mekundu, mikono mirefu, kulala mchana. Dalili hizo nazijua zilikoandikwa."

Nikatoka. Nikauliza kabla sijajizuia: "Baba, kwani kile kitabu na wewe ulikisoma?"

Mama akamgeukia. Shangazi akamgeukia. Baba akakohoa, akasema tule kwanza.

Tumekula. Baba aliongeza mara mbili. Sasa tuko chumbani, mimi naandika, Kaka amekaa kitandani anaitazama mikono yake. Namwambia nisamehe. Ananiambia nyamaza, bibi mkubwa, tungoje hukumu.

Sauti ya Baba, kutoka sebuleni: "Njoo hapa, wewe na huyo mwokaji wako."

Amesema mwokaji, na sauti haina hasira. Kaka amesimama. Ameshika kitasa, ila bado hajafungua.