Mizunguko Kumi na Miwili ya Alfredi

Mkomaindo, Masasi
19 Oktoba 1994

Kaka Gerson,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, funga mlango. Isome barua hii peke yako, ukimaliza uichome. Neno lolote lililomo lisimfikie Mama mpaka utakapokuja huku mwenyewe. Hata shemeji Regina usimwambie, maana hawezi kumficha Mama kitu. Nakupigia magoti.

Hamjambo huko Chilangala? Natumaini watoto wazima na kifua cha Mama kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Unisamehe mwandiko, naandika kwa haraka.

Kaka, mdogo wetu Alfredi amelazwa. Yu hai; nakuambia hilo kwanza usije ukaruka mistari. Juzi Jumatatu alianguka uwanjani, na mpaka leo hajamtambua mtu.

Unajua ghala letu la ushirika lilichukuliwa na mnunuzi binafsi tangu biashara ya korosho ilipofunguliwa. Meneja mpya, Bwana Cecil, alitangaza nafasi moja ya msimamizi wa mizani. Wakaja vijana kumi na wanne, kila mmoja na cheti chake cha kidato cha nne. Akasema vyeti vinafanana, yeye anataka mtu wa kukimbia kati ya mizani na lori juani bila namba za magunia kumtoka kichwani. Akatunga mtihani wake: mizunguko kumi na miwili ya uwanja wa mpira, na kila ukipita mezani karani anakutajia uzito wa gunia moja. Mwishoni unazitaja zote kwa mfuatano. Anayefika mbele bila kukosea ndiye anayeajiriwa.

Karani wa mezani nilikuwa mimi.

Walifanya mazoezi wiki mbili. Alfredi hakuwahi kukosea namba, lakini alikuwa wa mwisho kila siku. Akishika namba, miguu inapoa. Akikaza miguu, namba zinamponyoka. Wapakiaji walimwita Babu, wakamwambia achukue mkeka kabisa, giza likimkuta njiani alale. Rafiki yake Cyril wa Chiungutwa alikuwa na mbio, ila ikifika namba ya nane anabaki kukuna kichwa.

Siku yenyewe meneja alichelewa kutoka Mtwara, tukaanza saa saba, jua la utosi. Mzunguko wa tatu tu, Alfredi yuko mbele! Wapakiaji waliacha kucheka. Mmoja akasema, "Jamani, Babu kameza nini leo?" Alikuwa akipita mezani wala hanigeuzii sikio, midomo inacheza. Mzunguko wa kumi na moja alianza kuyumba, na ngozi yake ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho. Wa kumi na mbili akaanguka, hatua chache kabla ya kunifikia. Nilipomshika alikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Macho yamegeuka, lakini alikuwa akitaja namba, zote kumi na mbili, hakukosea hata moja. Kisha akanyamaza.

Kaka, ile ya kumi na mbili nilikuwa sijamtajia.

Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Daktari anasema ni joto na kukimbia kupita nguvu zake. Baba mdogo Nikolao hakubali, anauliza mtu mzito vile amepata wapi mbio za ghafla kama hakupewa kitu. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba asubuhi Cyril alimpa togwa. Polisi walimchukua Cyril jioni ileile. Mama yake, Mama Mabel, amekaa nje ya kituo tangu juzi. Leo alinishika mkono, akaniomba mimi niliyesoma nimwandikie barua ya kumtetea mwanawe.

Togwa ile waliinywa wote wawili katika kata moja. Aliyempa Alfredi kitu ni mimi. Jumapili baada ya ibada nilimpa namba zote kwenye kikaratasi. Meneja alikuwa amenipa orodha niichape. Nilidhani nampunguzia mzigo wa kichwa tu. Akazitia katika wimbo wa siku waliyotoka jandoni, anajipiga mapaja, tukacheka sana. Sikujua kwamba kule kufikiri ndiko kulikokuwa kunamshika miguu. Nilimwondolea kufikiri huko, naye akakimbia kwa mdundo ule usiopumzika hadi mwili ukashindwa.

Barua ya Mama Mabel sikuiandika. Nimeandika yangu kwa mkuu wa kituo, nikaitia sahihi. Nitaipeleka kesho saa mbili asubuhi. Naogopa, Kaka. Naogopa mno.

Mwambie Mama una kikao cha walimu, upande gari la kwanza. Usinitafute ofisini, wala usiandike kwa sanduku la posta la kampuni. Anzia wodi ya wanaume, ukae na Alfredi, maana hatakuwa na mtu. Anjelina muuza vitumbua wa pale langoni atakuonyesha kitanda. Kisha njoo kituo cha polisi uulize kwa jina langu kamili. Usimtaje Cyril, Mungu akijalia, yeye atakuwa ameshakwenda kwao.

Mimi mdogo wako,
Huruma