Mizabibu Yetu Ina Majina

Baba,

Chai iko kwenye thamosi. Nimeenda Bungoma kumwona Shangazi Agneta, nitarudi jioni. Simu yako iko kwenye chaji. Ukiona ukungu kwenye majani ya mizabibu, piga picha utume kwa kikundi cha wakulima wa Saboti. ~~Andika namba ya mzabibu.~~ Hapana, andika jina.

Asubuhi ulifungua orodha ya mizabibu kwenye simu ukauliza, "Ati Nangila sasa ni namba saba?" Ukatoka bila kumaliza chai. Kikundi ndicho kilichotaka namba, lakini Mama aliupa kila mzabibu jina la mgeni aliyetutembelea siku ya kuupanda. Bado namsikia akipogoa: "Jepchumba, umeamkaje? Leo nakunyoa!" Nasi tunacheka.

Nimerudisha majina yote kwenye simu. Kikundi watazoea.

Umebaki ule wa karibu na tangi, aliopanda mwisho kabla hajatuacha. Siku hiyo hakuja mgeni. Nafasi yake nimeiacha wazi. Jina lake sote tunalijua, Baba, ila nataka uliandike wewe.

Kitinda mimba wako