Sisimizi Kwenye Ndoo

Ifakara, Alhamisi. Masika, 1996.

Joto la kabla ya mvua, na mvua yenyewe haiji. Leo sikukimbia. Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote nitakayoandika.

Miezi minne sasa watu wananiona nikikimbia asubuhi kutoka Lipangalala hadi stesheni, mwalimu mzima na raba zangu, halafu napitia keki. Jumatatu bekari ya sokoni, Ijumaa vitumbua vya stesheni, Jumatano kwa Bi Mwana, ambaye keki zake zina iliki na zinawashinda wote. Wananitania kwamba ninachokipunguza barabarani nakirudisha mezani. Nami nacheka.

Nilianza kukonda kabla sijaanza kukimbia.

Hilo sijamwambia mtu. Mume wangu, Baba Neema, alikonda hivyo hivyo, na mwaka juzi tukamzika. Msibani hakuna aliyetaja ule ugonjwa, walisema homa. Sketi zangu zilipoanza kunipwaya, nikanunua raba ili waseme ni mazoezi. Keki nikawa nazila nje, kwenye benchi, kila mpita njia aone kwamba mgonjwa hali namna ile. Tena nilitumaini zitaninenepesha.

Wapi!

Jana nilimaliza jagi la maji kwa Bi Mwana, nikaomba jingine. Akanitazama, akaisogeza sahani ya keki mbali nami.

"Mwalimu, usinichukie. Marehemu dada yangu alikuwa na kiu hii hii. Kabla hujala nyingine, katazame unapokojoa kama kuna sisimizi."

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba kiu ni ya kukimbia, nikaondoka bila kuaga.

Siku hizi usiku naamka mara nyingi, kwa hiyo nina ndoo chumbani. Leo asubuhi niliitoa uani, nikaacha makusudi kuimwaga. Nilipotoka kuoga walikuwa wamefika, wamezunguka ukingo wote.

Nilichuchumaa pale nikalia. Aibu yangu ni hii: nililia kwa furaha. Mungu wangu, iwe sukari. Iwe sukari tu. Ugonjwa uliomuua dada wa mwenzangu mimi nauomba kama zawadi, na miezi minne nimekuwa nikiulisha keki.

Furaha yenyewe haikufika mchana. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Neema ana miaka tisa na hana mwingine.

Kesho nitaomba ruhusa shuleni, niende hospitali kwa kutembea, nimevaa kandambili. Wataniuliza nataka kupima nini. Sukari nitaitamka bila shida. Ile nyingine sijawahi kuitamka, hata humu daftarini sijawahi kuliandika jina lake. Naliandika sasa, ili kesho mdomo usinikatalie.

UKIMWI.

Wapime yote mawili.